Khanga Juu ya Mnyonyo

Ukitaka kuwajua watu wa Mpanda, wakute kwenye mashine ya kukoboa mpunga msimu wa mavuno. Pale hakuna tajiri wala maskini. Wote wanatoka weupe kwa vumbi la pumba, wote wanapaza sauti kuishinda mashine, na kila mmoja anaapa kwamba foleni ni yake. Hapo ndipo Generosa alipokutana na Manyanda. Lakini kwa muda mrefu, kila alipoulizwa walikutania wapi, alijibu, "Kwa rafiki yangu mmoja," kisha akageuza mazungumzo.

Maana Generosa, Mungu amsamehe, alikuwa na maradhi ya kuonea aibu vitu. Si matendo, vitu. Alionea aibu bati lililoshika kutu, sufuria isiyo na mfuniko wake, kandambili za mama yake zilizoshonwa kwa waya. Alikuwa na saluni ndogo karibu na stendi, na aliamini kwamba msusi ni bango la biashara yake mwenyewe. Ndiyo maana hata mashineni alikwenda na gauni la kitenge cha njano, mikono imejaa kama maputo, rasta zimeshuka hadi kiunoni. Alipotoka mle alifanana na andazi lililoviringishwa kwenye unga.

Katika vurugu ile, kijana mmoja mrefu mwenye jezi iliyopauka alipakia viroba vyake kwenye kirikuu, kigari chake kidogo cha mizigo, akaondoka, na kiroba kimoja hakikuwa chake. Generosa alipogundua, alimsomea mwenye mashine mpaka akamtumia kijana yule namba ya simu ya Generosa ili yaishe. Jioni simu ikaita.

"Wewe ndiye mwenye mchele wa Kabungu?"

"Na wewe ndiye mwizi?"

"Mwizi asingepiga simu, dada."

"Wezi wa siku hizi wana salio."

Kijana akacheka polepole, kicheko cha mtu asiye na haraka ya kufika popote. Akasema yeye ni Manyanda, anatoa mpunga Usevya na kuuza mjini, na kwamba kwa bahati mbaya mchele ule ameshaupika kidogo. "Nilidhani ni wangu. Nilipotafuna nikajua si wangu, maana una mawe."

"Mchele wetu hauna mawe."

"Basi jino langu limevunjika lenyewe."

Generosa alijizuia kucheka akashindwa. Manyanda akaomba aelekezwe nyumbani aurudishe mzigo. Generosa akamwambia aulete saluni.

Nyumbani hapana. Nyumbani kwao, mtaa wa Makanyagio, alikuwa anaishi na mama yake tu, Hilaria, mjane aliyepata kuwa mpishi wa shule, mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Kwa mbele nyumba ilikuwa na adabu zake. Uwanja ulifagiliwa kila asubuhi, na maua yalipangwa ukutani kwenye makopo ya rangi. Aibu ilikuwa nyuma. Ukipita jiko, ile kona ya mwisho ya bustani ilikuwa pori kamili. Mapasheni yalikuwa yamepanda mpera mpaka yakauinamisha, magugu yamefika kifuani, kishona nguo kinakungoja kwa hamu, na minyonyo imesimama mikubwa kama miti ya kupandwa. Zamani marehemu baba alilima mchicha pale. Alipofariki, hakuna aliyeigusa tena.

Na katikati ya pori lile ndipo walipokuwa wanaoga.

Baba alikuwa amejenga bafu la miti na udongo, akisema ni la muda tu. Masika moja ukuta wa mbele ukaanguka. Hilaria hakulia wala hakuita fundi. Aliliacha pori lifunge pale palipobomoka, akaweka jiwe bapa la kusimamia, na kila alipoingia kuoga alitupia khanga yake juu ya mnyonyo wa mbele. Khanga ikiwa juu ya mnyonyo, mtu yumo. Hiyo ni lugha inayoeleweka kila ua na kila kijiji mkoani, haihitaji mwalimu. Generosa naye alioga humohumo, alfajiri kabla majirani hawajaamka, ili asionekane akiingia na ndoo.

Basi mapenzi yakaanza kwa kiroba cha mchele na yakanoga. Manyanda alikuwa Msukuma aliyezaliwa Usevya, wazazi wake walihamia huko na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga. Kila asubuhi alipiga simu, "Mwangaluka, bosi wa nywele," na Generosa, ambaye ni Mbende na Kisukuma hakijui, alijibu alivyojisikia. Jioni alikuja saluni na raba zilizopigwa brashi, akakaa kwenye kiti cha wateja na kungoja, mpaka wateja wakaanza kumuuliza anasuka mtindo gani.

Siku moja walikuwa wanakula chipsi mayai pale stendi, Manyanda akawa anamsimulia utoto wake, jinsi walivyokuwa wakioga lamboni na ng'ombe wamesimama wanawatazama. "Nyie watu wa mjini mmezoea mabafu ya ndani," alisema. "Mimi nikijenga, Gene wangu, bafu litakuwa ndani kabisa. Sitaki ukutane na ng'ombe."

"Hata kwetu lipo ndani," Generosa akasema. Na kwa kuwa uongo hauji peke yake, akaongeza, "La vigae."

Ulitoka wenyewe, mdogo na laini. Manyanda akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula, akaamini. Hilo ndilo lililokuja kumuuma Generosa baadaye, kwamba yule mwanaume alimwamini bila hata kuacha kutafuna.

Ikafika siku ya Manyanda kuja kumsalimia Hilaria. Hakuvuka geti. Alisimama mbali, kofia mkononi, macho chini, akasalimia kwa kuinama kama anaongea na ardhi. Kwao mama mkwe hapewi hata mkono, na mkikutana njiani ni wewe unayepisha ukaingia majanini. Hilaria alimtazama mpaka alipoondoka, akamwambia binti yake neno moja: "Amelelewa." Kwa Hilaria hiyo ilikuwa hotuba. Siku ya wazee kuja kuzungumza ikapangwa.

Hapo ndipo ile kona ikaanza kumnyima Generosa usingizi. Wazee wangekaa uani, wangetazama huku na huku, na Manyanda angeuliza vigae viko wapi. Akamwomba mama wafyeke lile pori na kuliangusha lile bafu. Hilaria akamuuliza yeye ataoga wapi. "Wageni wanakuja kutazama msichana au kutazama bafu?" mama akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Asubuhi ya Jumamosi, Generosa akiwa katikati ya kichwa cha mteja, Manyanda akapiga simu.

"Mama yupo nyumbani?"

"Yuko kwenye sala ya jumuiya. Hawatoki kabla ya mchana."

"Basi niende nikaifyeke ile kona yenu unayoilalamikia kila siku. Nataka arudi aikute imelala. Kwetu mkwe anajitambulisha kwa jembe kabla ya mdomo."

Mikono ya Generosa ikasimama kwenye nywele za watu. Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema, Manyanda, nilikudanganya, mle tunaogea. Mteja alikuwa anasikiliza, na Aneth, msaidizi wake, alikuwa anasikiliza.

"Mle ndani hamna kitu?" Manyanda akauliza. "Nisije nikakata mti wa dawa wa mama."

"Hamna kitu. Ni pori tu. Kuna kaukuta ka udongo, kakikusumbua kaangushe."

Akaweka simu chini, akaendelea kusuka, na moyoni akapanga maneno ya kumwambia mama. Angesema ni mapenzi ya kijana, hakujua. Bafu lingekuwa limeshaanguka, na kilichoanguka hakibishaniwi.

Yaliyotokea Makanyagio aliyapata baadaye, vipande vipande, kwa midomo ambayo haikuwa na huruma. Jumuiya ilivunjika mapema kwa sababu aliyekuwa awapokee alipata msiba. Hilaria akarudi na jasho lake, akateka maji, akaingia porini, khanga juu ya mnyonyo. Manyanda akafika na fyekeo lake jipya. Alipiga hodi getini, tena akapiga hodi uani, lakini jirani alikuwa amefungulia spika za sherehe na Hilaria alikuwa anajimwagia maji kichwani. Kijana akavua shati, akabaki na fulana, akaanza kazi.

Alifyeka vizuri, kila mtu alikubali hivyo. Alianzia ukutani kwa jirani akaja taratibu, majani yanalala mstari kwa mstari, mpaka akafika kwenye mnyonyo na kuiona khanga. Uani pengine popote angegeuka hapohapo na kuondoka bila kutazama nyuma, maana hata mtoto wa Usevya anajua nguo ile inasema nini. Lakini aliambiwa bafu liko ndani, la vigae. Kwa hiyo alichoona ni khanga ya mama mkwe iliyosahauliwa kuanuliwa. Na kwa kuwa amelelewa, hakutaka ichafuke. Akaitoa kwa mikono miwili, akaikung'uta, akaiweka begani. Kisha akaupiga mnyonyo.

Hilaria akaita, "Nani huyo?" Mti ulikuwa umeshaanza kwenda. Ulipolala, palikuwa hapana tena kitu kati ya mama mkwe na mkwe.

Watu wenye heshima zao hawalielezi zaidi ya hapo. Itoshe kwamba Manyanda alitupa fyekeo, akajifunika macho kwa viganja vyote viwili, na hivyohivyo akakimbia. Alijigonga kwenye nguzo ya jiko, akalipata geti kwa kupapasa, akatoka barabarani, na khanga ya Hilaria begani. Makanyagio nzima ilimwona. Hilaria alibaki amechuchumaa nyuma ya ndoo, povu kichwani, mpaka jirani mmoja alipomrushia gunia la kujisitiri.

Generosa alipofika nyumbani alimkuta mama kitandani amegeukia ukuta. Joto lilikuwa la kuivisha mtama, lakini Hilaria alikuwa amejifunga vitenge viwili na sweta juu yake.

"Nani alimwambia aje afyeke?"

"Sijui, mama. Labda alitaka kukufurahisha."

"Khanga aliiona?"

Generosa akaanza kukunja shuka la miguuni.

"Mtu anaiona khanga, anaiondoa, halafu anaendelea kukata," Hilaria aliuambia ukuta. "Huyo si mjinga, Generosa. Huyo hakunihesabu kuwa mtu. Amenivua nguo nyumbani kwa marehemu baba yako, halafu akaenda nayo mtaani watu waione."

Neno lilikuwepo, limekaa kwenye ulimi wa Generosa, fupi tu. Akalimeza. Akasema ataenda kuchemsha chai.

Siku zilizofuata Hilaria hakwenda kanisani wala sokoni. Alioga chumbani kwa beseni, kisha akapiga magoti kukausha sakafu kwa tambara, na kila Generosa alipotaka kumsaidia alimwondoa kwa mkono. Kile kipande kilichofyekwa kilibaki kimelala kinanyauka. Saluni, wateja walikuwa wakiingia wananyamaza ghafla. Generosa aliona aibu, lakini sikiliza vizuri, aliona aibu ya kuchekwa. Ile nyingine ilikuwa bado inakuja.

Simu ya Manyanda ilikuwa haipatikani. Kisha jioni moja akapiga mwenyewe.

"Uko wapi?" Generosa aliuliza.

"Usevya. Nakaa na ng'ombe. Wao tu ndio hawajapata habari."

"Rudi, mpenzi."

"Nirudi na uso gani? Nimemwona mkwe wangu anaoga, Gene. Kwetu watu wamehama vijiji kwa mambo madogo kuliko hayo." Ng'ombe mmoja akalia huko nyuma. "Wazee wamesema tutakuja kuomba msamaha. Nitakuja nao, lakini siingii."

"Umewaambia nini?" Na Generosa akajisikia anavyouliza, haraka, kwa sauti ya mtu anayekagua mlango kama umefungwa. "Kuhusu… ilivyokuwa?"

"Nimewaambia nilikosea."

"Basi?"

"Mle ndani kulikuwa na jiwe la kusimamia, Gene, na dodoki limening'inia." Manyanda hakupandisha sauti. "Niliviona. Ulitaka niwaambie nini?"

Generosa akasema mtandao unakatakata, hasikii vizuri. Akakata simu yeye mwenyewe. Mtandao ulikuwa safi kabisa. Alikaa pale kwenye kiti cha kusukia, kioo mbele yake, na kwa mara ya kwanza maishani hakujitazama.

Siku ya wazee ilipofika, haikuwa tena siku ya posa. Mzee Enoka, baba mdogo wa Manyanda, alikuja na wenzake wakimvuta kondoo mweupe wa kuombea msamaha. Upande wa nyumbani alikaa mjomba Alois, kaka yake Hilaria, aliyetoka Sibwesa kwa ajili ya shauri hilo. Hilaria alikataa kutokea. Alikaa chumbani nyuma ya pazia, mlango wazi, akisikiliza. Manyanda alibaki ng'ambo ya barabara, amekaa chini kando ya kirikuu chake, mgongo ameigeuzia nyumba.

Generosa alipita na maji ya kunawa, akipiga magoti kwa kila mgeni kama desturi ilivyotaka. Alikuwa amevaa gauni jeusi lisilo na pambo. Alikuwa mbele ya mzee Enoka, birika mkononi, wakati mjomba Alois alipouliza swali.

"Kijana wenu hakuelekezwa na mtu? Hakuna aliyemwambia pale pana nini na hapana nini?"

"Hakuna," Enoka akasema. "Tumemuuliza mara nyingi. Anasema ni ujinga wake peke yake. Khanga aliiona, akaipuuza. Hana cha kujitetea, na sisi hatuna."

Mjomba Alois akatikisa kichwa kwa huzuni. Alisema kama kijana angedanganywa, au angepotea, wangezungumza. Lakini mtu aliyeiona khanga ya mkwe akaipuuza hawezi kupewa mtoto, hata wao wenyewe Usevya wasingempa. Akasema wamrudishe kondoo wao, na shauri liishe kwa amani.

Enoka akainamisha kichwa. Akaishika fimbo yake ili ainuke.

"Si kweli," Generosa akasema.

Maji yalikuwa bado yanamiminika, mikono ya mzee ilishatoka, yakawa yanaanguka chini. Mjomba akamwambia anyamaze, hayo ni mazungumzo ya wakubwa. Hakunyamaza. Alijua akinyamaza sasa hatapata nafasi nyingine.

"Mimi ndiye niliyemwambia afyeke. Alinipigia simu akaniuliza mle pana nini, nikamwambia hamna kitu, na ukuta auangushe. Nilikuwa nimemdanganya kwamba tunaogea ndani, kwenye vigae. Ndiyo maana hakuijua ile khanga. Mama aliponiuliza, nikasema sijui." Akaliweka birika chini. "Manyanda anajua nilimdanganya. Anaubeba uongo wangu."

Hakuna aliyemwangalia. Wazee walitazama chini, na hilo lilikuwa baya kuliko kutazamwa. Aibu ilimpanda kutoka miguuni ikamjaa, na haikuwa aibu ya bati wala ya kandambili. Hii hakuwa na pa kuificha.

Pazia likasogea kidogo. Hilaria hakutoka. Alizungumza akiwa hukohuko ndani.

"Kumbe bafu langu ndilo lililokuwa linakutia aibu."

"Mama, nisamehe."

"Unazikumbuka tofali alizochoma baba yako?"

"Nazikumbuka."

"Alizichoma za nini?"

"Za bafu."

"Ziko wapi?"

Generosa akageuza uso kuelekea nyuma ya jiko. Alikuwa amelisahau rundo lile la tofali lililokaa nyuma ya jiko mwaka mzima, mpaka siku lilipobebwa na mnunuzi. Na kesho yake mama akamwita, akamwonyesha draya ya saluni imefunikwa shuka, akacheka mpaka machozi kwa jinsi binti yake alivyoruka. Ilikuwa ni siku moja baada ya nyingine, na hakuwahi kuziunganisha.

"Nimeoga pale miaka yote," Hilaria akasema, "na sikuwahi kuona aibu hata siku moja. Siku ile kijana aliponiona niliona hasira. Aibu nimeiona leo."

Kisha akamwambia kaka yake kondoo abaki. Kijana wa watu hakuwa na kosa kwake, mwenye kosa alikuwa wake wa kumzaa, na huyo watamalizana wenyewe. Habari ya ndoa hakuitaja, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Generosa alivuka barabara na vumbi la magoti kwenye gauni. Manyanda alimsikia akaendelea kutazama matairi.

"Nimewaambia," Generosa akasema.

"Nimesikia. Una sauti ya mashineni."

Akakaa chini pembeni yake, mavumbini, barabarani, watu wanapita. Akamuuliza kwa nini alikubali kubeba uongo mzito hivyo, hata kusema aliidharau khanga. Manyanda akafikiri, maana hakuwa mtu wa kujibu haraka.

"Mtu akishakimbia na khanga ya mkwe begani mbele ya watu, hana heshima ya kuokoa. Wewe bado ulikuwa nayo." Akang'oa mbegu ya kishona nguo kwenye pindo la gauni lake. "Lakini uliniuma, Gene. Si vigae. Ulipokata ile simu."

"Najua."

"Umebakiza uongo mwingine?"

"Mmoja. Huwa nawaambia watu tulikutana kwa rafiki yangu."

Manyanda akamgeukia kwa mara ya kwanza. "Na mashine imekukosea nini?"

Akatoa ndani ya kirikuu mfuko mweusi. Ndani mlikuwa na ile khanga, imefuliwa na kupigwa pasi mpaka mikunjo ilisimama. Akamwomba amfikishie mwenyewe. Yeye geti lile hatalivuka mpaka mwenye nyumba aseme.

Jumatatu Generosa hakufungua saluni. Alivaa lile gauni la njano, kwa kuwa liliisha heshima tangu siku ya pumba, akachukua jembe na panga akaiingia ile kona. Ilimpiga. Mizizi ya minyonyo ilikwenda chini kuliko alivyodhani, mapasheni yalimfunga miguu, kishona nguo kikamshika mgongo mzima. Viganja vikatoka malengelenge, yakapasuka. Chini ya majani alikuta matuta ya mchicha ya baba yake, bado yana umbo, na jembe lake lililoliwa mpini na mchwa. Akakaa juu ya tuta akalia kidogo, kisha akaendelea. Majirani walipopita wakamuuliza anafanya nini, na yeye akawaambia: anasafisha pa kujenga bafu la mama, la zamani lilibomoka. Alisema hivyo kila alipoulizwa, na kila mara lilimchoma, ila kila mara makali yake yalipungua.

Hilaria alitazama kutoka jikoni siku ya kwanza na ya pili bila neno. Siku ya tatu alitoka na jembe lake. Akamwonyesha kisiki cha ule mnyonyo uliokatwa, kilichokwisha kuanza kuchipua, akamwambia hicho akiache. Wakalima pamoja kimya mpaka jua likakolea, na mama ndiye aliyechota maji, akampa binti yake anywe kwanza.

Tofali zilikuja kwa kirikuu. Manyanda alizishusha nje ya geti, akazipanga vizuri, akaondoka, na kesho yake mchanga hivyohivyo. Generosa alizibeba ndani mwenyewe, chache chache. Hilaria aliulizia gari la nani linalonguruma kila siku, ingawa alilijua. Akaambiwa. Akasema lina mlio wa kuhitaji fundi, na hakusema zaidi.

Fundi akajenga, bafu likasimama. Halikuwa na vigae. Lilikuwa na kuta nne za tofali za kuchoma, sakafu ya saruji, bati juu, na mlango wa mbao wenye komeo. Saluni, mteja mmoja alipouliza kwa uchokozi habari za lile bafu la porini, Generosa akamsimulia yote, tangu pumba za mashineni hadi birika, huku akisuka. Aneth alisahau kuzima draya kwa kusikiliza.

Mchana wa kwanza wa kulitumia, Hilaria aliingia na ndoo yake, akafunga komeo. Kisha mkono ukatokea juu ya mlango, ukatupia khanga. Ilikuwa ileile, na mikunjo ya pasi ilikuwa bado inaonekana. Mlango ulikuwepo, komeo lilikuwepo, lakini Hilaria hakuwa mtu wa kubadili lugha uzeeni.

Simu ya Generosa ikaita.

"Uko wapi?" akauliza.

"Nje ya geti. Nimeleta bomba la kutolea maji."

"Lilete ndani. Kuna ukuta sasa, mpenzi, kuna na mlango."

"Gene," Manyanda akasema. "Naiona khanga kutoka huku."

Ndani ya bafu maji yakanyamaza. Hilaria akauliza ni nani anayeongea naye. Generosa akamwambia ni Manyanda, yuko barabarani, amekataa kuingia kwa sababu ameona khanga. Generosa akakodolea macho ule mlango wa mbao, simu bado sikioni.

"Mwambie asubiri," Hilaria akasema. "Mwambie mkwe wangu asubiri, namalizia."

Maji yakaanza kumwagika tena. Generosa hakuhitaji kurudia, maana simuni alisikia kitu kizito kikidondoka, nadhani ni lile bomba. Akachukua vigoda viwili jikoni, akatoka navyo barabarani wakasubiri wote.